Mstari wa Tano

Alinituma nitangulie.
"Kijana, wewe una macho ya mwewe.
Ingia, jifanye jino linakuuma,
ukitoka niletee ule mstari wa tano."

Ilikuwa Juni, Uyole, ukungu umelalia magunia ya viazi,
semi tumeliegesha pembeni na shehena ya Tunduma,
injini bado inahema.
Cheti chake cha afya kilibakiza siku nne.
Tajiri alishasema kwenye simu:
bila karatasi hiyo, usukani anapewa mwingine.

Mzee Ambakisye Mwalwisi, miaka ishirini na sita barabarani.
Kitonga aliijua kwa makalio, mwenyewe akisema,
kila kona ina namna yake ya kumkalisha mtu.
Mimi, utingo wake, nilijua jingine:
tangu masika ya mwaka juzi,
jua likituzamia Makambako
nilikuwa namsomea barabara
kama mjukuu amsomeavyo bibi barua.
Baiskeli kushoto. Tuta hilo.
Huyo mwenye taa moja si pikipiki, ni lori.
Naye huitikia, "Nimeiona,"
nikishamwambia.

Hatukuwahi kulitaja.
Ada ya mdogo wangu kule Kiwira
ilitoka mfuko wa shati lake,
noti zimekunjwa mara nne, zinanuka dizeli.
Mtu kama huyo utamwambiaje?

Halafu ule usiku wa Igurusi.
Nilipiga kelele, akakata usukani, tukasimama tumepinda.
Baiskeli ilikuwa chini ya bampa.
Mwenyewe alikuwa mtaroni, mzima,
akapanda juu bila kututukana,
akachuchumaa kwenye lami, akaanza kuzoa mchele kwa viganja.
Mzee alishuka, akatazama ule weupe chini ya taa.
"Kokoto hizi," akauliza, "nani kazimwaga?"

Basi niliingia. Chumba kinanuka spiriti,
mashine ya presha mezani, vikopo vya mkojo dirishani,
na ukutani karatasi ya herufi, kona moja imechanika.
Mstari wa tano niliunywa kwa mkupuo.
Nikatoka.

Alikuwa ameketi kwenye benchi, kofia magotini,
uso umeelekea ng'ambo ya barabara.
Ng'ambo palikuwa na duka la pembejeo,
MBOLEA, rangi nyekundu, kila herufi kama sinia.
"Haya, lete."
Nikazisoma pale pale, juu ya bega lake,
kutoka mwisho kurudi mwanzo:
A. E. L. O. B.
Akazirudia kwa midomo, macho yamezikodolea,
hakuziona.
Akaniomba nirudie, nikarudia.
Akanishika bega, akaingia.

Sista Ikupa hakumweka sana.
Alitoka na karatasi nyingine, ya kwenda Mbeya mjini:
mtoto wa jicho, macho yote mawili, na presha juu.
Usukani haukuwa wake tena.
Hakuniuliza kitu. Alipanda kwenye kabati la lori,
akafungua rozari ya marehemu mkewe pale kwenye kioo,
akaitia mfukoni.

Dereva mwingine alichelewa siku mbili.
Siku ya pili jua likatoka, Loleza ukaonekana wote.
Mzee akavuka barabara taratibu, mkono mbele,
akasimama chini ya lile bango, karibu kabisa,
kichwa kimeinuka kama kuku anayekunywa maji.
Alikaa hapo.
Kisha akageuka, akaniangalia,
au aliangalia upande niliokuwa.

Akarudi na chai mbili, chapati kwenye gazeti.
Tukanywa.
"Na ule mstari wenyewe," akasema, "ulikuwaje?"
Nikamtajia wa kweli, herufi kwa herufi.
Akacheka kidogo puani. "Hata huo ningeukosea."

Leo leseni ni yangu.
Mstari ule naujua kwa ghibu,
na kila cheti kikiisha, nikiketi kwenye kile kiti,
kabla sijaambiwa nifunike jicho,
namwomba sista abadilishe karatasi.