Koo la Mashine

Kumi, saa moja asubuhi, injini bado baridi,
na foleni imeshajipanga bila kuniuliza:
mihogo mikavu, mihogo, mihogo,
kisha Apolot na debe moja la ulezi.

Debe moja.

Ulezi hausagwi kwa chekeche la mihogo.
Nizime injini, nifungue bolti nne
(ya tatu ina kutu, inataka nyundo na tusi),
nitoe chekeche pana, nitie jembamba,
nifagie tumbo la mashine,
nimwage kikombe cha ulezi wa kuoshea koo;
unga ule wa kwanza, wa kijivu, ni wa kuku.
Dakika ishirini na tano.
Nimezihesabu kwa saa ya marehemu mume wangu,
ambayo haijawahi kumhurumia mtu.

Yeye alikuwa na sheria, aliiandika ukutani kwa mkaa:
MAGUNIA 6 NDIPO UBADILI.
Sita aliitoa wapi, hakusema.
Nimekesha na kalamu na bei ya dizeli,
nikaona hakukosea sana:
nikibadili kwa kila debe, siku nzima ni kufagia;
nikingoja magunia ishirini, mashine itashiba
na Apolot atalala barazani,
mjukuu akililia uji ambao ungali punje.
Sita ni namba ya mashine.
Mtoto hakuulizwa.

"Mama Emuge, hilo gunia la ngapi?"
La pili.
Anakaa tena juu ya debe lake.

Jumapili Emuge alikuja kutoka karakana ya baiskeli,
akazitazama bolti zangu, akacheka.
Akazikata zote nne,
akachomelea makomeo mawili kama ya dirisha.
Vuta, toa, tia, sukuma.
Dakika tisa.
Usiku ule kalamu ikaniambia: magunia mawili na ushei.
Nikaipaka chokaa ile sita.
Mkaa ni mkaidi; tumbo lake la duara
bado linachungulia.

Leo Apolot kaondoka na unga wake
kabla jua halijafika kwenye ngazi.
Saa sita huyo, amerudi,
kidole kina uji, uso hauna salamu:
"Haya niambie, humu mna mihogo ya nani?"

Sikuwa na la kusema.
Kile kikombe cha kuoshea koo nilikiruka,
kwa sababu tisa nilitaka iwe nane.