Bikoni

Kutoka Kasulu barabara inapanda hadi inachoka,
inakunja viwiko saba,
inafika sokoni kwetu imeshika kiuno.
Mbele ya hapo ni mibuni, ukungu, na Burundi.

Jiografia tuliifunza kwa miguu.
Mvua ya paa la mbele la Ntilampeba
huteremka Malagarasi, na mwishowe ziwani.
Ya paa la nyuma huingia kijito cha mpaka,
nayo huishia ziwani, kwa kuzunguka,
kama ndugu waliogombana
wakakutana msibani.

Historia imesimama shambani kwa bibi Nyamwiza:
nguzo ya saruji, kimo cha goti,
namba yake imelika, imebaki saba tu.
Mjerumani aliuhesabu mlima wote kuwa wake.
Vita vikamng'oa. Mbelgiji na Mwingereza
wakanyoosha mnyororo wa kupimia,
ukapita kati ya jiko la babu na zizi lake.
Usiku ule ng'ombe walilala ugenini.

Bibi hakuwahi kugombana na bikoni.
Aliianikia udaga.
Alinolea jembe ubavu wa Burundi,
maana, alisema, ubavu wa huku
umeshalika.

Mwaka wa sabini na mbili
watu walipita hapo usiku, bila taa, bila kukohoa.
Kulipokucha palikuwa na mtoto
amekaa juu ya saruji,
kiatu kimoja mguuni.
Aliulizwa jina lake.
Akataja jina la mlima.

Huyo ndiye mama yangu.
Mlima ule ndio jina langu la pili,
na yule kijana wa vitambulisho, pale wilayani,
kila mara huweka kalamu chini
aniulize upya.

Siku hizi simu ikiegemea ukuta wa machweo
hudaka mtandao wa ng'ambo,
inanikaribisha Burundi nikiwa kitandani
na kurudisha saa nyuma, saa nzima.
Jogoo wa Bizuru hana habari hizo.
Anawika mara moja,
milima miwili inaamka.

Nikiisogeza simu dirishani, mama huirudisha
palepale ukutani.
"Iache," asema,
"nami niongezewe saa moja
ya kwetu."

Basi naiacha.
Kila Jumatano nafika sokoni
watu wameshafunga magunia.