Jembe la Mgeni

Al-Khuweir, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani.
Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo kuukuu ya rangi:
to, to, kimya, to.
Hata hicho hakishiki mapigo.

Bi Ghaniya hakuniuliza nina nini.
Aliniuliza, "Tuzungumze kwa lugha gani?"
Kiarabu nimekisomea, Kiingereza kinanilisha,
nikausikia mdomo wangu ukisema: Kiswahili.
Kumbe hofu yangu haijui lugha nyengine.
Ilizaliwa jikoni kwetu Mabela,
inanuka iliki,
inaniita kwa jina la utotoni.

Wiki za mwanzo nilisema habari za mkono tu:
upinde wa fidla unavyorukaruka juu ya uzi
kama tone la maji kwenye kikaango cha moto;
nilivyomdanganya kiongozi wa okestra kuwa nina homa,
mara moja, mara mbili,
na mara ya tatu homa ikaja kweli.

Wiki ya nne, sikumtaraji, akaingia shangazi Zuwena.
Nina miaka tisa. Harusi ya binamu. Kaswida ya beti sita.
Ubeti wa pili sauti ikanikatika,
ukumbi ukanyamaza, shangazi akacheka.
Si kwa ubaya, nikasema. Si kwa ubaya.
"Mbona sijamshitaki, na wewe unamtetea?"
Nikalia mpaka boksi la tishu likaisha,
akaniletea karatasi za msalani,
tukacheka sisi.

"Huyu mgeni amekaa kwako miaka mingapi?"
Kumi na tisa.
"Na siku ya tatu anapewa nini?"
Nikatazama ndoo. Mtoto wa Mabela,
jembe nimelionea wapi?

Alhamisi alikuja mapema kuliko wapiga ngoma,
akanikalia begani, mzito vilevile.
Nikamnong'oneza: hesabu wewe hivi vipimo vya kimya,
kumi na sita, kisha niguse.
Akahesabu. Alikosea kimoja.
Noti ndefu ilitetemeka mwanzo hadi mwisho
nami sikuikaba.

Garini, simu: shangazi.
"Nimekuona kwenye televisheni. Mbona umekonda?"
Nikamwambia ukweli, kidogo,
robo ya kijiko.
Upande wa pili kimya.
Nikaanza kuhesabu.