Walinzi wa Peasi

Siku ya tatu baada ya Chuseok
makasha yamepanga foleni hadi getini kwangu,
yamezipita baiskeli, yamezipita hata gari za ghorofa ya chini,
na mimi, Pyo Gi-cheol, mlinzi wa jengo la mia na nne,
nasimama na glavu zilizotoboka dole gumba
na kisu kidogo cha kukatia utepe wa gundi.

Huku Cheongju taka haitupwi hivi hivi, inapangwa.
Chupa angavu, livue lebo kwanza.
Kopo, likanyage.
Sponji nyeupe pale ukutani; ile ya rangi
hakuna lori linaloitaka.
Nasema haya kila Alhamisi, nasema kwa upole,
kisha wakishapanda lifti nainama nayarudia mwenyewe,
goti likinisuta.

Bi Seonu wa ghorofa ya tisa kaja na kasha
amelibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.
"Peasi sita," kasema, sauti ya kuomba radhi.
"Sita tu. Mwanangu kazituma kutoka Naju."

Tukalivua pamoja.
Kitambaa cha waridi, hariri ya uongo.
Ndani ya kitambaa, mfuko wenye kamba ya dhahabu.
Ndani ya mfuko, kasha; ndani ya kasha, mto wa sponji;
chini ya mto, trei ya plastiki yenye mashimo sita,
na kila shimo na soksi yake ya povu
ambayo peasi ilikuwa imeivaa hadi shingoni,
na juu ya yote kadi: *Kama ilivyotoka mtini.*

Nikahesabu: walinzi saba, tunda moja.
Jengo hili lina kaya tisini na sita
na mlinzi mmoja.

Sikumwambia Bi Seonu nilichokuwa zamani.
Miaka ishirini na sita kiwandani, mashine ya kukunja makasha.
"Ongeza kimo, sentimita mbili," bosi alisema,
"mteja hanunui peasi, ananunua kimo."
Nikaongeza.
Jioni nikaenda nyumbani, nikala, nikalala fofofo,
wala sikuuliza hata mara moja
kasha likishafunguliwa linakwenda kufia wapi.

Linakuja hapa.
Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema;
mkunja kasha, basi, hulikunjua mwenyewe,
moja moja, usiku, chini ya taa yenye nondo.

Saa nane hivi moja likakataa kulala.
Nililiponda kwa kisigino, likagoma.
La ghorofa ya kumi na mbili, wale wanandoa wapya.
Nikapasua sponji. Chini yake, tabaka la pili,
ambalo hakuna aliyelijua,
na ndani yake peasi moja, imelainika ubavu.
Wote wale waliowekwa kuilinda
walikuwa wameificha.

Nikaikata kwa kisu cha gundi
(nilikifuta kwanza, msinifikirie vibaya),
nikaila nimesimama,
maji yakiteremka hadi kwenye mkono wa koti.
Tamu. Tamu ya kuudhi.
Mkononi likabaki ganda lake,
jembamba, rangi ya mchanga, lenye vidoadoa,
nikaliangalia muda mrefu kuliko nilivyokusudia.
Miezi yote ile mtini, jua, mvua, nyigu,
ni hilo tu lililokuwa zamu.

Asubuhi Bi Seonu kashuka tena.
Ameleta peasi mbili kwenye kile kitambaa cha waridi,
fundo limekazwa kwa meno, nadhani.
"Kula," kasema. Kisha, akiwa tayari ndani ya lifti:
"Kitambaa unirudishie."

Nimekifua kwenye sinki la kibanda.
Kinakauka mgongoni mwa kiti changu,
na kila anayepita na kasha
ananiuliza leo kuna sherehe gani.