Feni Namba Tatu

Vijiti kumi na vinne jana, nimevihesabu,
vyote vimenifia mkononi kama mbu,
mkaa bado mweusi, na mteja wa kwanza
ashanunua korosho kwa mwenzangu.
Kusi ya Laitihausi haina adabu:
inapita chini ya meza, inazunguka mgongo,
inatokea upande ule ule niliouziba kwa boksi.

Basi leo, kabla mihogo haijamenywa,
nimekwenda mtaa wa Biashara mpaka kwa Taibali.
Nitolee, nikamwambia, vibiriti visivyoogopa upepo.
Akatandaza vitano juu ya kioo cha kaunta,
akavipanga kama vito vya bi harusi.
"Vyote hivi," akaapa, "haviogopi."
Sawa. Mimi sichomi mihogo kwa viapo.
Washa feni.

"Mbeyu, feni ni ya wateja."
Na mimi ni nani?
Akabonyeza namba moja: pumzi za mtoto aliyelala.
Namba mbili: mwanafunzi anapoza chai.
Namba tatu risiti zikapaa,
kalenda ikajigonga ukutani, Taibali akashika kofia.
Hapo, nikasema. Hapo ndipo kwangu, saa kumi jioni.

Cha kwanza, chekundu, kina tochi kitakoni.
Kiliwaka, kikainama, kikaaga.
Tochi ikabaki inaniangalia.

Cha pili cha chuma, cha petroli, kifuniko chake
kinalia tak! kama kufuli la benki.
Mwali ulilala chali, ukainuka, ukalala tena,
haukufa. Nilikaribia kulipa.
Kisha nikanusa vidole vyangu.
Nani atakamulia ndimu muhogo
unaonuka kituo cha mafuta?

Cha tatu kilipiga mluzi, shiiii, mwali wa buluu
wima kama askari wa gwaride.
Feni haikuupinda hata unywele.
"Mafundi bomba wote wananunua hicho," akasema.
Nikamuuliza habari ya chumvi. Akanyamaza.
Anayeuza ndani ya kuta nne haijui chumvi ya kwangu:
imekula bawaba za sanduku, imekula
mguu mmoja wa jiko, na kile kitundu
chembamba kuliko cha sindano
itakiziba kabla mwezi haujaandama.

Cha nne sikukishika. Cheche ya zambarau
kati ya ncha mbili, chachajiwa kama simu,
na simu yenyewe naichaji kwa jirani, shilingi ishirini.

Cha mwisho hakukisifu. Alikisukuma kwa kidole:
jiwe, gurudumu, na kamba ya pamba
rangi ya chungwa, ndefu kama mkia wa panya.
Hakina mwali. Nilidhani kibovu.
Nikasugua, cheche, cheche, kisha doa dogo
jekundu kwenye ncha ya kamba, aibu tupu.
Nikakipeleka mbele ya feni nikidhalilishe,
na doa likafumbua jicho.
Kadiri feni ilivyovuma ndivyo lilivyokolea,
jekundu, la machungwa, karibu jeupe.
Taibali mwenyewe akainama kutazama
kana kwamba si yeye anayekiuza.

Ningependa kusema nilikata shauri papo hapo.
Nilipiga hesabu: mia tatu na hamsini,
mihogo saba, pilipili sijahesabu.
Nikamweleza vile vijiti kumi na vinne, kimoja kimoja.
Akashuka mpaka mia tatu, akazima feni,
joto likarudi dukani kama mgeni mwenye ufunguo.

Sasa ni saa kumi na robo. Boksi nimelikalia.
Nimechomeka kamba ndani ya makumbi makavu,
na kusi, hii hii isiyo na adabu,
imekuja mbio kunizimia,
inaniwashia.

Kijana mmoja ameniomba moto wa sigara.
Nimempa kamba. Anaigeuza, anatafuta mwali.
Puliza, namwambia.
Anacheka. Anadhani namtania.