Daftari la Vipimo

Kifua arobaini na nne, kiuno arobaini.
Ndivyo nilivyomwandika mara ya kwanza,
Juni, Arusha imejifunika ukungu mpaka saa tano
na mimi nina sweta mbili nyuma ya cherehani.
Bwana Sibiri Kontogomu. Elihuruma, mkalimani,
kijana wa Tengeru, alisema Sibiri kwao ni Jumamosi.
Na kweli ilikuwa Jumamosi.

Alitaka koti la kuingia nalo mahakamani,
kule barabara ya Dodoma, wanakokuja watu wa bara zima
kuzishtaki serikali zao.
Alikuwa mbunge. Bunge likavunjwa alfajiri, redioni:
gwaride, sauti ya kanali, gwaride tena.
Alitoroka na shati.
Hayo aliyasema Elihuruma. Mwenyewe
aliongea nami kwa vidole: vinne, vinne, sifuri,
nami nikaandika.

Mfuko wa ndani, na mwingine chini ya bitana,
mdomo wake ushonwe kwa mkono, usionekane.
Sikuuliza. Fundi anayeuliza kila mfuko ni wa nini
atalala njaa.

Mara ya pili, kiuno thelathini na mbili.
Nikadhani futi imejikunja mgongoni. Nikarudia.
Thelathini na mbili.
Alirudi kwao, wakamweka ndani miaka miwili,
wakamtoa usiku bila kumwambia kwa nini.
Koti langu lilimning'inia kama limeanikwa.
Nikamwambia, inchi nane hazipunguziki, mzee,
mifuko itakutana mgongoni.
Akacheka, nikaona meno yaliyopungua.
Nikamshonea jipya. La zamani akaliacha:
"Kaa nalo," kwa Kiswahili, maneno mawili
aliyoyafanyia mazoezi njiani.

Wiki ile majaji walimpa haki.
Kurasa sitini na moja. Kanali akasema
mahakama hiyo haijui, hajawahi kuisikia.
Sibiri akaja na nakala mkononi,
akaikunja mara nne, akapiga magoti,
akaiingiza chini ya mguu mfupi wa meza yangu.
Meza ikatulia. Haijatikisika tena.

Nilipolikung'uta koti, bitana ililia karatasi.
Majina kumi na moja, kalamu ya risasi.
Elihuruma alisoma maneno ya juu:
"Niliowaacha ndani."

Mara ya tatu alikuja na gari lenye bendera.
Waziri wa Maridhiano. Safari hii anakaa upande ule mwingine,
meza ya serikali, kumjibu mtu mwingine aliyetoroka na shati.
Elihuruma alibaki nje, anasoma bango la soda
kana kwamba ni gazeti.
Haikuwa na haja ya mkalimani.
Sibiri alivuta pumzi, tumbo likaingia, nikangoja.
Binadamu hawezi kuzuia pumzi siku nzima.
"Arobaini na tatu," akasema mwenyewe, polepole,
na nikaandika kilichosomeka. Futi haina chama.
Aliuangalia mguu wa meza. Hakuuliza koti.
Alilipa mara mbili, nami nikapokea;
ada ya mtoto ilikuwa inadaiwa.

Labda alikuwa na sababu. Labda wapo
waliotoka kwa sababu yeye aliingia.
Nimelipindua hili kama kola iliyochakaa,
na upande wa pili nao umechakaa.

Jana amekuja binti, peke yake, sketi mkononi.
Amenionyesha karatasi yenye muhuri wa mahakama,
akainua vidole: viwili, sita.
Nimempa daftari aandike jina.
Ameandika taratibu, herufi za mtu aliyelelewa na mwalimu,
na jina la baba yake nalijua.
Ni la nne kutoka juu.

Koti lipo kabatini, linanuka naftalini.
Nikainuka. Nikakaa.
Binti akaniuliza kitu kwa lugha yao,
pengine sketi itakuwa tayari lini.
Nikainuka tena.