Pembe ya Nne

Hapa Langoni wananicheka:
mfarishi, Lamu hii, ambapo hata paka
hulala sakafuni akitafuta ubaridi?
Si wa hapa, nawaambia. Ni wa Eldoret,
wa mjukuu wangu Twaiba, aliyepiga simu
akasema alfajiri meno yake yanagongana
kama vikombe kwenye sinia.

Basi nikafungua kasha,
nikamwaga vitambaa mkekani,
na kila kimoja kikataka kusema kwanza:
mkono wa kanzu ya marehemu Famau,
wenye doa la kahawa nisilokubali kulifua;
shati la shule la Lali, wino umekula mfuko;
pazia la chumba cha ndani, upande usiojua jua;
kofia aliyoianza mtu akaiacha,
vishimo vinane tu, na sindano
imeotea kutu humo humo.

Nakata. Napiga bandi. Nafumua.
Subana inanibana; ilinunuliwa
nilipokuwa na kidole chembamba.
Stima ikikatika nashona kwa tochi ya simu,
simu nimeibana kidevuni,
mate ya kulowesha uzi yamenikauka.
Upande wa nyuma usiutazame, Twaiba:
huko ndiko mafundo yanakokaa.

Pembe tatu zimekwisha. Ya nne tupu.
Tangu mwanzo nilijua inataka nini.

Leso ya mama. Nyekundu na nyeusi, na jina lake
SIKUDAI ULICHOKULA, NAKUDAI ULICHONENA.
Alipofariki tuliigawa doti,
mimi kimoja, Mwanashee kimoja.
Changu kilibeba watoto watatu mgongoni,
kikawa tambara, kikawa cha kuipulia sufuria,
kikaisha.
Chake, nasikia, hakijavaliwa hata siku moja.

Cherehani haikugawika.
Ilibaki kwangu kwa sababu mlango wangu ulikuwa karibu,
kwa sababu nilisema, "Mwezi mmoja tu, dada,"
na huu ni mwaka wa kumi na tisa.
Hatukugombana. Tukikutana uchochoroni
na punda akapita na mawe yake ya kujengea,
hutubana ukutani, bega kwa bega.
Hujambo. Sijambo.
Punda akishapita, kila mtu na njia yake.

Nikamtuma Bwanaheri, mtoto wa jirani:
nenda Mkomani kwa Bi Mwanashee, mwambie
naomba kipande cha leso ya mama,
kiasi cha kiganja. Maua tu yanatosha.

Akakawia. Nikapika, nikaswali alasiri,
nikafumua mshono usio na kosa.

Akarudi na karatasi iliyofungiwa sukari,
imekunjwa mara nne.
Ndani hamna maua.
Ndani mna neno moja, limekatwa kwa mkasi mkali,
kingo zake zimepindwa kwa mkono,
mishono midogo kama chenga za mchele:

SIKUDAI

Nikalilaza juu ya goti.
Labda mkasi ulipita tu palipokuwa rahisi.
Labda. Lakini Mwanashee
hajakata kitambaa maishani bila kukipima mara mbili.
Anayekata kwanza ni mimi.

Nimelishona usiku huu, pembe ya nne,
kwa mkono, si kwa cherehani,
pale kidevu cha Twaiba kitakapofika
akijivutia mfarishi.

Sasa ni asubuhi. Bwanaheri yuko mlangoni,
anataka shilingi zake, na jibu la kupeleka.

Mwambie imefika.
Mwambie mfarishi haujatiwa sufi,
na mikono miwili haitoshi kuunyoosha.
Mwambie cherehani inakata uzi,
na aijuaye ni yeye peke yake.

Haikati uzi.
Jana niliitia mafuta.